Avue samaki, asivue glavu

Katika makundi ya WhatsApp ya familia zenye kijana anayesoma au kufanya kazi Uingereza, kuna picha ya aina moja inayopendwa. Kijana ameketi juu ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja, amevaa jaketi nene, nyuma yake bahari ya rangi ya risasi, na mkononi ananing'iniza samaki. Mama anajibu kwa makopa. Baba anauliza huyo ni samaki gani. Shangazi anataka picha nyingine, ya karibu zaidi, aone kama mtoto amekonda.

Wachache huufikiria mkono wa pili, ule ulioshika simu. Mara nyingi hauna glavu. Ameivua ili kioo kimtii.

Kuvua glavu kwenye kituo cha basi si neno. Kuivua juu ya maji ya Februari, mtu akiwa peke yake mita mia kadhaa kutoka nchi kavu, ni jambo ambalo mzazi anapaswa kulizungumza na mwanawe mapema. Simu hiyohiyo ya kupigia picha ndiyo wengi wanaitegemea kuitia msaada, na siku msaada unapohitajika kweli, mikono huwa imelowa na vidole vimekufa ganzi.

Si vigumu kuelewa kwa nini vijana wanaupenda uvuvi huu. Hauhitaji injini wala mafuta, na Uingereza mtu anayevua baharini kwa fimbo na ndoano kwa ajili ya kitoweo chake haombwi leseni. Yule samaki mweupe anayeuzwa na chipsi husogea karibu na pwani miezi ya baridi, kwa hiyo mwenye hamu naye hasubiri Julai.

Tatizo ni maji. RNLI, shirika la hisani la waokoaji wa baharini lililoanzishwa mwaka 1824, linasema wastani wa joto la bahari ya Uingereza na Ayalandi ni nyuzijoto 12, na kwamba maji yaliyo chini ya nyuzijoto 15 yanatosha kumpa mtu mshtuko wa baridi. Aliyekulia Tanga au Kigamboni amezoea bahari ya nyuzijoto 25 na zaidi, karibu mwaka mzima. Mtu wa Makete, anayekwenda shambani asubuhi ya Julai kukiwa na barafu kwenye majani, angalau anavijua vidole vinavyokataa kufunga kifungo cha shati. Sasa vidole hivyo avitie majini, avianike kwenye upepo, halafu aambiwe aandike namba ya siri ya simu.

Kuna mtego mwingine. Bahari hupoa polepole na hupata joto polepole. Huwa baridi zaidi Februari na Machi, na ikifika Aprili au Mei jua linawaka, watu wanakula aiskrimu ufukweni, lakini maji bado ni ya baridi. Kijana anatoka na fulana kwa sababu ametazama jua. Wazoefu wa kayaki huvaa kulingana na maji, si kulingana na hewa.

Vidole hutangulia kushindwa

Mwili ukihisi baridi hulinda kwanza moyo, mapafu na ubongo. Mishipa ya damu ya mikono na miguu hubana ili joto libaki katikati. Vidole, kwa kuwa ni vyembamba na vina ngozi nyingi kuliko nyama, hupoteza joto upesi. Misuli mingi inayovikunja na kuvinyoosha haiko kwenye vidole vyenyewe bali chini ya kiwiko, nayo ikipoa inafanya kazi kwa uzito. Mishipa ya fahamu nayo hupeleka taarifa kwa mwendo wa kobe.

Maji huondoa joto la mwili takriban mara 25 zaidi ya hewa yenye ubaridi uleule. Ndiyo maana mkono uliotoka kumchomoa samaki kwenye ndoano, ukabaki mtupu na umelowa wakati mwenyewe anatafuta pembe nzuri ya picha, hupoa haraka kuliko anavyodhani.

Na hashindwi kwa ghafla. Kwanza vidole vinauma, kisha maumivu yanapungua, jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa nafuu, kumbe ni ganzi. Nguvu ya kushika kasia bado ipo, kwa hiyo anajiona mzima. Zinazotangulia kuondoka ni zile kazi ndogondogo: kufunga fundo, kufungua zipu, kugusa herufi moja bila kugusa ya jirani.

Kuivua glavu ni kazi ya sekunde chache. Kuivaa tena wakati mkono umelowa, mpira unanata kwenye ngozi na kayaki inayumba, ni mapambano. Wengine huiweka mapajani, wimbi likapita nayo.

Kioo kinataka nini

Kioo cha simu za siku hizi hakijali kusukumwa. Chini yake kuna wavu wa nyaya nyembamba mno zisizoonekana, zenye umeme kidogo. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, hivyo hupitisha umeme, na kidole kikigusa kioo hubadilisha kiasi cha chaji mahali hapo, simu ikajua imeguswa wapi. Sufu haipitishi umeme. Neoprini, ule mpira wenye vipovu vya hewa unaotumika kutengeneza glavu nyingi za wavuvi na wapiga mbizi, pia haipitishi. Mtu anaweza kugonga kioo kwa glavu hiyo mpaka achoke. Simu za zamani za kioo cha kubonyeza zilikubali hata ncha ya kalamu. Kwa mvuvi wa nchi ya baridi, maendeleo hayo yalikuwa hasara.

Maji ya bahari yenyewe, kwa kuwa yana chumvi, yanapitisha umeme vizuri. Matone machache juu ya kioo yanaweza kufungua programu ambayo hakuna aliyeigusa. Simu ikizama, hata ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, kioo huacha kusikia au kinapagawa.

Madukani kuna glavu za kupangusia simu, ambazo ncha za kidole gumba na cha shahada zimefumwa kwa uzi wenye shaba au madini ya fedha. Mtaani zinafaa sana. Kwenye kayaki uzi huo hukutana na chumvi, magamba na ndoano, na huchakaa. Tena nyingi ni nyembamba na maji yanapita. Kijana asitume picha ya glavu hizo kama ushahidi kwamba amejiandaa.

Zinazofaa zaidi kwa mvuvi ni glavu nene ambazo ncha ya kidole gumba na cha shahada hufunuka kama kifuniko, kidole kikatoka, kikafanya kazi yake na kurudi ndani bila glavu kuvuliwa. Wapo pia wanaofunga kwenye kasia mifuko miwili ya neoprini. Mkono huingia mtupu, ukashika mti wa kasia ndani ya mfuko na kubaki na joto. Ukihitajika nje hutoka, kisha ukarudi, hakuna cha kuvaa upya. Kwa kupiga kasia hiyo ni njia nzuri mno. Kasoro yake ni kwamba mtu akianguka majini mifuko hubaki na kasia, kwa hiyo glavu za kawaida ziwe kwenye mfuko wa jaketi.

Simu nyingi za Samsung Galaxy zina sehemu kwenye mipangilio ya kioo ya kuongeza wepesi wa kuhisi mguso. Iliwekwa kwa ajili ya wanaobandika protekta, na husaidia pia glavu iliyo nyembamba. iPhone haina sehemu hiyo. Vyovyote iwavyo, protekta nene ikiongezewa mfuko wa plastiki, na mfuko ukiongezewa glavu, ni tabaka tatu ambazo kidole kinatakiwa kupenya.

Lakini hata kioo kikitii, simu ina mlango wa kwanza: kufunguliwa. Alama ya kidole haisomeki kwenye glavu, na mara nyingi haisomeki kwenye kidole kilicholowa na kukunjamana. Uso uliozibwa na skafu hadi puani mara nyingi hautambuliki. Inabaki namba ya siri, tarakimu sita, kwa kidole kilichokufa ganzi.

Kwa sababu hiyo, jambo la maana kuliko aina yoyote ya glavu ni vitufe vya pembeni. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni hupiga simu ya dharura mtu akibonyeza kitufe cha kuwashia mara tano kwa haraka. Kwenye iPhone, mtu hushikilia kitufe cha pembeni pamoja na kimojawapo cha sauti; akiendelea kushikilia, simu huhesabu na kupiga yenyewe. Vitufe hivyo havijali umeme wa kidole. Vinabonyezeka kwa glavu nene na kupitia plastiki, simu ikiwa imefungwa.

Kijana ayafanye haya akiwa chumbani kwake. Afungue mipangilio ya dharura, ahakikishe njia hiyo imewashwa na kwamba namba iliyowekwa ni 999 au 112. Simu ikijipiga kwa bahati mbaya, asikate kimya kimya. Amweleze anayepokea kwamba amekosea, la sivyo wataanza kumtafuta. Akiwa na shida baharini huko Uingereza, anayetakiwa kumwomba ni Coastguard, kikosi cha ulinzi wa pwani. Anayepiga 999 kwa simu janja, mahali alipo hutumwa kwa mtandao bila yeye kufanya lolote, mradi mawasiliano yapo. Kuna pia huduma ya kutuma ujumbe mfupi kwenda 999, lakini ni lazima ajisajili mapema kwa kutuma neno "register" kwenye namba hiyo.

Dakika kumi

Mtafiti Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye kwa miaka mingi amechunguza mwili wa binadamu ndani ya maji ya baridi, na mara kadhaa ameingia yeye mwenyewe, alieneza kanuni ya kukumbukwa kwa tarakimu tatu: moja, kumi, moja. Dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi, kwa sababu mshtuko humfanya mtu ahemee kwa nguvu na anaweza kuvuta maji. Dakika 10 zinazofuata ni za mwendo wenye maana, viungo vikiwa bado vinatii. Baada ya hapo vidole na mikono vinaanza kukataa, ingawa inaweza kupita kama saa 1 kabla baridi haijampotezea fahamu. Ni makadirio, hutofautiana na mwili wa mtu na ukali wa maji, na yanamhusu aliyevaa jaketi la kuokolea maisha. Asiyelivaa anaweza kuzama mapema zaidi, akiwa na fahamu zake zote, kwa sababu tu mikono imeshindwa kuogelea.

Kwa hiyo aliyepinduka haanzi na simu. Anashika kayaki, analala chali, anaelea, anasubiri pumzi itulie. RNLI hufundisha hivyohivyo. Kisha ndani ya dakika zile 10 anajaribu kupanda tena na kuita msaada. Kila dakika ya kupapasa kioo inatoka humo.

Hapo ndipo mahali pa kuweka simu panapokuwa na uzito. Wavuvi wengi hupenda kuifunga kwenye kishikio mbele ya kayaki, wasome ramani na kutazama hali ya hewa. Kayaki ikipinduka na upepo ukaichukua, simu inakwenda nayo, na mtu anabaki majini akiitazama ikisogea. Simu ikae mwilini, ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwenye mfuko wa jaketi la kuokolea maisha, imefungwa kwa kamba.

Kifuani kuna faida nyingine: joto. Betri ya simu hufanya kazi kwa kemia, na kemia hupunguza mwendo kwenye baridi. Apple inashauri iPhone itumike kati ya nyuzijoto 0 na 35. Simu inayosomeka asilimia 30 inaweza kuzimika ghafla ikikaa muda mrefu kwenye upepo wa baridi.

Na isiwe simu peke yake. Mtandao wa simu hujengwa kwa ajili ya walio nchi kavu. Nyuma ya jabali moja tu la pwani unaweza kupotea. Redio ya VHF ya mkononi ina vitufe vikubwa, nyingine huelea, na chaneli 16 husikika kwa Coastguard na kwa vyombo vilivyo jirani, ambavyo huenda ndivyo vitakavyofika kwanza. Kuitumia kwa kawaida kunahitaji cheti, lakini katika hatari ya maisha hakuna atakayemwuliza mtu cheti. Filimbi iliyofungwa kwenye jaketi ni ya bei ndogo, na haihitaji chaji.

Kuna kundi ambalo mzazi ndiye mwenye taarifa zake kuliko mtu yeyote. Kijana mwenye ugonjwa wa selimundu, wengi wakiuita sikoseli, anaweza kupata maumivu makali kwa kupigwa na baridi au kuingia kwenye maji ya baridi. Wapo waliopita utotoni wakiwa na nafuu, wakahamia nchi ya baridi na kujiona wamepona. Huyo azungumze na daktari wake kabla ya kununua kayaki, na mama asione haya kumkumbusha hata kama ana miaka 25. Tahadhari hiyohiyo inamhusu mwenye ugonjwa wa Raynaud, ambaye vidole hugeuka vyeupe na kufa ganzi kwa baridi kidogo tu, na mwenye kisukari kilichopunguza hisia za mikono.

Asiye na matatizo hayo anaweza kujipima nyumbani. Ajaze beseni maji ya bomba ya baridi, avae glavu zake za kuvulia, atie mikono kwa dakika mbili au tatu. Kisha, bila kuvua, aitoe simu kwenye mfuko wa jaketi alilolivaa na afikishe kidole kwenye kitufe cha dharura. Wengi watagundua kwamba kinachowashinda si kioo, ni zipu. Kipande cha kamba chenye fundo kubwa kikifungwa kwenye zipu hiyo humaliza tatizo.

Akirudi nchi kavu na vidole havina hisia, asivisugue na asiviweke kwenye hita, maana ngozi isiyosikia huungua bila mwenyewe kujua. Avue nguo zilizolowa, ajikaushe, aweke mikono kwapani, anywe kitu cha moto chenye sukari. Pombe isubiri.

Kazi ya walio nyumbani

Familia inaweza kuongeza hatari bila kukusudia. Simu ya video kutoka Dodoma ikiita mfululizo, kijana aliyelelewa vizuri ataona vibaya kutopokea. Glavu itavuliwa. Wakubaliane basi kwamba kuna ujumbe mara mbili tu: anaposhuka majini na anapopanda nchi kavu. Picha ya samaki apigiwe ufukweni. Samaki hatakuwa amepungua.

Ujumbe wa kwanza uwe na mambo manne: aliposhukia, upande anaoelekea, rangi ya kayaki, na saa ya kurudi. Saa iandikwe wazi ni ya wapi. Majira ya baridi Tanzania iko mbele ya Uingereza kwa saa 3, majira ya joto kwa saa 2, kwa hiyo saa 4 asubuhi ya Januari kwa kijana ni saa 7 mchana kwa mama yake. Kaskazini mwa Uskoti, mwezi Desemba, jua huzama kati ya saa 9 na saa 10 alasiri. Aliyeahidi kurudi saa 11 jioni ameahidi kurudi gizani, na mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini.

Ujumbe huo usiishie kwa mzazi. Anayepiga 112 akiwa Tanzania huunganishwa na polisi wa hapa, si na waokoaji wa Bahari ya Kaskazini, na kutafuta mtu wa kumweleza saa ya hofu kunakula muda. Anayetakiwa kuupata ni mtu aliye Uingereza, anayeishi naye nyumba moja au mwenye nyumba wake, ambaye saa ya kurudi ikipita bila habari atapiga 999 yeye mwenyewe. Mzazi awe na namba ya mtu huyo, ikiwa imeandikwa kwa kuanza na +44, kwenye simu zaidi ya moja hapo nyumbani, na mwenye namba awe ameambiwa kwamba siku moja anaweza kupigiwa na mama asiyemfahamu.